Shajara ya mradi: kufufua springi za nyuma za pikapu iliyoliwa na kutu

Gari ni pikapu ya tani moja, umri wake umepita miaka 25, nyuma ina springi za majani matano kila upande. Kazi inayoandikwa hapa ni ya nyuma peke yake: bushi, pini, shakeli, yubolti, shokapu, majani yenyewe na hanga moja. Gharama zimeandikwa kwa saa, vipuri na vifaa vilivyokwisha. Namba za kukazia nati ni za gari hili. Za gari lako zimo kwenye mwongozo wake na ndizo za kufuata.

Ili tusipotezane: hanga ni kishikio cha chuma kilichofungwa kwenye chasisi. Ya mbele hupokea pini ya springi, ya nyuma hupokea shakeli, na shakeli, kiungo kinachocheza, ndiyo inayoipa springi nafasi ya kurefuka inapobonyea. Majani ni vipande bapa vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na senta bolti huyabana katikati. Bushi ni mpira unaokaa kwenye tundu la springi, pini ikipita katikati yake. Yubolti ni bolti ya umbo la U inayobana springi kwenye ekseli.

Jumamosi, 7 Juni: ukaguzi, spana bado hazijagusa kitu

Gari likiwa kwenye sakafu tambarare, upepo wa matairi sawa, nyuma hakuna mzigo, tulipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Kushoto 452 mm, kulia 471 mm. Andika namba hizi kabla ya yote, maana ukishafungua huzipati tena, na utazihitaji mwishoni kurekebisha valvu ya breki, ile inayopunguza au kuongeza breki za nyuma kufuata mzigo.

Kisha nyundo ndogo. Piga chasisi kila sentimita tano, kuanzia hanga ya mbele hadi mwisho wa nyuma, ukisikiliza. Chuma kizima kinalia na nyundo inaruka. Chuma kilicholiwa kinatoa sauti nzito iliyokufa, na vumbi jekundu linamwagika kwa ndani. Kushoto, juu ya hanga ya nyuma, sauti ilikufa kwa urefu wa sentimita 12 hivi. Tulipochokonoa kwa bisibisi, katikati ya hanga na chasisi kulikuwa na kutu iliyopangana matabaka kama kurasa za kitabu kilicholowa. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo ikikosa pa kwenda inasukuma. Hapa iliisukuma hanga ikaachana na chasisi kwa mm 4, na riveti zimevutwa hadi vichwa viwili vimelegea.

Hali ni hiyo hiyo kwenye ncha za majani: majani ya chini yamefunguka kama vidole.

Vipuri viliagizwa leo, kabla ya kufungua chochote: bushi 2 za mbele zenye gamba la chuma, nusu-bushi 8 za mpira za shakeli, pini 2 za mbele, shakeli 2 kamili, yubolti 4 na nati zake 8, senta bolti 2, shokapu 2, hanga 1 ya nyuma kushoto. Hakuna hata kimoja hapo ambacho tulipanga kukiokoa. Chasisi, majani na ekseli ndivyo vya kulindwa. Bolti na bushi ni za kukatwa.

Muda: saa 2.

8 hadi 13 Juni: kulowesha

Mchanganyiko ni mafuta ya giaboksi otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, kwenye chombo cha chuma au kioo kwa sababu asetoni inayeyusha baadhi ya plastiki. Tikisa kila mara kabla ya kupaka, havikai pamoja. Asetoni inashika moto upesi, kwa hiyo hakuna cheche karibu. Piga brashi ya waya kwenye nyuzi kwanza, la sivyo mafuta yananyweka kwenye uchafu tu. Tulipaka asubuhi na jioni, kila mara tukigonga kichwa cha bolti mara kumi hivi, maana mtikisiko ndio unaofungua njia ya mafuta.

Nati za shakeli na nati za juu za shokapu zilifaidika. Pini za mbele hazikufaidika hata kidogo. Kutu yake iko ndani ya bomba la bushi lenye urefu wa mm 70, mpira umeziba pande zote, na hakuna pa kupenya. Siku sita za kulowesha pini hizo zilikwenda bure. Yubolti hazikulowekwa, zinakatwa.

Jumamosi, 14 Juni: kufungua upande wa kushoto

Tanki la mafuta liko upande huu, sentimita 15 kutoka kwenye pini ya mbele. Lilitolewa lote, mabomba yakazibwa, na gari likasukumwa mbali na pale mafuta yalipomiminwa. Watu wengi huogopa moto wa gesi wakasahau kwamba cheche za grainda nazo ni moto. Kutoa tanki kulichukua dakika 50 na hatukujutia hata moja.

Magurudumu ya mbele yaliwekewa kabari. Stendi mbili zilikaa chini ya chasisi, mbele ya hanga ya mbele, na jeki ya peke yake ikashika ekseli. Kabla ya kushusha ekseli, fungua fito ya valvu ya breki inayofuata mzigo, chomoa kamba ya breki ya mkono kwenye vibano vyake, na tazama bomba la mpira la breki lisivutike. Ekseli ikining'inia kwenye mpira wa breki, mpira unapasuka kwa ndani na huoni chochote kwa nje.

Yubolti: diski ya mm 1, mikato minne, dakika sita. Ukianza kuzifungua kwa spana nyuzi zilizoota kutu zinakula nati, na hata ikitoka huwezi kuirudisha, kwa sababu yubolti ikishakazwa imeshavutika.

Ncha ya chini ya shokapu ilikaidi. Bomba la bushi yake limeshikana na pini iliyochomelewa kwenye ekseli, na pini hiyo ikiharibika unaingia kwenye kazi nyingine kabisa. Tulikata mpira kwa kisu, tukavuta shokapu ikatoka, likabaki bomba. Tukalichana kwa urefu kwa diski ya mm 1, tukisimama pale rangi ya chuma ilipobadilika na mstari mwembamba wa kutu ukaonekana. Mstari huo ndio mpaka: ukiuvuka umeingia kwenye pini. Tindo ikawekwa kwenye mchano, mapigo matatu, bomba likafunguka kama ganda. Usipashe shokapu moto kwa namna yoyote, ndani mna mafuta na mara nyingi gesi yenye shinikizo.

Sasa pini ya mbele, na hapa ndipo tulipokosea. Nati ilitoka kwa bomba la kurefushia mpini la sentimita 90. Pini ilipozungushwa ilikwenda robo, kisha ikarudi yenyewe ilipoachiwa. Dalili hiyo inatosha kukuambia kila kitu: pini na bomba la ndani la bushi vimekuwa kitu kimoja, kinachozunguka ni mpira unaosokotwa. Badala ya kukata pale pale tulipiga nyundo ya kilo 2 kwa saa tatu. Matokeo: nyuzi zimefumuka kama uyoga, kwa hiyo pini haiwezi tena kupita kwenye hanga, na sikio moja la hanga limepinda kwa nje mm 3. Nyundo haikuisogeza pini hata nywele moja, kwa sababu mpira ulikuwa unameza kila pigo.

Dawa ni kukata pande zote mbili, kwenye mwanya wa mm 2 ulio kati ya bushi na sikio la hanga. Msumeno wa umeme wa kwenda na kurudi ndio unaoingia pale. Pini imetiwa ugumu, na kwa mwendo wa kasi bleidi tano za kawaida ziliisha meno kabla ya mkato wa kwanza kumalizika. Mkato wa pili tulipunguza mwendo hadi chini kabisa, tukakandamiza zaidi, tukadondosha oili kila nusu dakika: bleidi mbili zikatosha. Ukipata bleidi yenye meno ya kabaidi, anza nayo.

Springi ikashuka na vipande vya pini vikaanguka vyenyewe kutoka kwenye masikio ya hanga. Sikio lililopinda lilirudishwa bila moto, kwa bolti ndefu, nati na kipande cha bomba, likivutwa polepole. Baada ya hapo tukalikagua nyufa kwa mafuta ya taa na chaki: paka mafuta ya taa, subiri dakika 20, futa pakauke, paka vumbi la chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha yanachomoza na kuchora mstari mweusi. Hapakuwa na mstari.

Gharama ya upande huu: saa 9 kwa watu wawili, bleidi 7, diski 5. Saa tatu kati ya hizo ni za nyundo.

Jumapili, 15 Juni: upande wa kulia

Saa 3 na dakika 20. Nati ikatolewa, pini ikajaribiwa mara moja, ikarudi yenyewe, ikakatwa. Bleidi 4, diski 3.

Kulikuwa na mkosi mmoja. Fito ya valvu ya breki, tuliyoifungua jana upande wa ekseli, ilivunjika kwenye kiungo chake cha tufe la chuma wakati tunaisogeza kando. Kiungo kilikuwa kimeshikana, na fito imebaki nyembamba kama penseli pale kutu ilipoila. Kwa bahati urefu wake kutoka nati hadi nati ulikuwa umeandikwa: 186 mm. Fito mpya ikaongezwa kwenye orodha. Kama gari lako lina valvu hii, legeza kiungo kwanza kwa mafuta na ukizungushe taratibu kabla ya kuhamisha chochote.

16 hadi 18 Juni: hanga ya nyuma kushoto

Riveti sita. Saga kichwa kiwe sawa na hanga, piga alama katikati kwa panchi, toboa kwa biti ya mm 6 kupita mwili wote, kisha mm 10, halafu toa kiini kwa panchi. Riveti ilipopigwa kiwandani ilivimba ikajaza tundu lote, kwa hiyo usitegemee itoke kwa kugonga bila kutoboa. Mbili zilitobolewa nje ya katikati na biti ikala ukingo wa chasisi. Sababu: tulisaga kichwa bila kuhakikisha kiko bapa, biti ikateleza. Ukisaga riveti, endelea hadi uone duara la mwili wake, ndipo upige alama.

Nyuma ya hanga tulikwangua kutu ya ujazo wa kikombe. Unene wa chasisi ulipimwa kwa kalipa kupitia matundu ya riveti: 2.7 mm mahali pabaya zaidi, 3.2 mm mahali pazuri. Mashimo ya kutu yapo ila hakuna lililopenya. Kama bisibisi ingepita, kazi ingesimama hapa hadi chasisi itiwe kiraka cha maana.

Kuna aliyeshauri hanga mpya ichomelewe. Hatukufanya hivyo. Mshono unaokata upana wa ukingo wa chini wa chasisi unaacha ukanda mgumu pembeni yake, na ukingo huo hupata mkazo kila gari linapobeba. Ufa huanzia hapo. Tulitumia bolti za M12 daraja la 10.9 zenye shingo isiyo na nyuzi, ili sehemu laini ndiyo ikae kati ya hanga na chasisi. Nyuzi zikikaa pale zinasaga tundu na bolti inalegea. Matundu manne yalipanuliwa hadi 12.0 mm, bolti ikaingia kwa kugongwa kidogo. Mawili yale yaliyoliwa yalipanuliwa hadi 14 na kupewa bolti za M14.

Kabla ya kufunga, pande zote mbili zinazogusana zilisafishwa hadi chuma cheupe na kupakwa praima ya zinki, tabaka moja jembamba. Baada ya kufunga, kingo za juu na pembeni zilizibwa kwa silanti ya mwili wa gari. Ukingo wa chini uliachwa wazi ili maji yakiingia yatoke.

Muda: saa 7. Biti 3, moja imevunjika.

Jumamosi, 21 Juni: majani

Majani yamebanwa na senta bolti, na ukiikata bila kuyashika yanaruka. Klampu mbili kubwa, moja kila upande wa senta bolti, zikazwe kwanza, kata bolti, kisha legeza klampu kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, hadi majani yalale yenyewe. Simama ubavuni, usiiname juu yake.

Ndani ya matabaka kulikuwa na magamba ya kutu ya mm 2. Tulisafisha kwa brashi ya waya ya kwenye grainda, kisha msasa wa namba 80, tukivuta kwa urefu wa jani peke yake. Mkwaruzo unaokatiza upana ni mwanzo wa ufa.

Usitumbukize majani kwenye asidi, hata siki, na usiyaondoe kutu kwa umeme na magadi. Asidi ikila kutu hula na chuma chenyewe, ikatoa haidrojeni, na sehemu yake hupenya ndani ya chuma kigumu. Jani la namna hiyo hukatika ghafla kama kioo, bila kupinda kwanza. Umeme nao huizalisha haidrojeni hiyo juu ya chuma kinachosafishwa. Bolti za daraja la juu ziko kwenye kundi hilo hilo. Shakeli kuukuu za chuma laini unaweza kuzifanyia hivyo ukipenda. Vile vile usipashe jani moto kulikunja upya wala kulichomelea: ugumu wake ulitokana na moto uliopimwa kiwandani, na moto wa gereji unaufuta.

Chaki ilionyesha kile ambacho macho hayakuona. Jani la pili kushoto lina ufa wa mm 11 unaotoka kwenye tundu la senta bolti. Mahali hapo hapatakiwi kupinda kabisa, pamebanwa na yubolti. Ufa wa pale maana yake ni kwamba yubolti zililegea muda mrefu na jani likawa linachezea tundu lake. Hiyo pia ndiyo sehemu ya ile tofauti ya mm 19 ya siku ya kwanza.

Jani la pili limebadilishwa pande zote mbili, mapya yenye upana, unene na mkunjo uleule, yaliyolinganishwa kwa kulalishwa juu ya jani kubwa. Ungebadilisha upande mmoja, ungebaki na gari lililoinama.

Muda: saa 8. Vipuri vya ziada: majani 2. Msasa shiti 6, brashi za waya 2.

Jumapili, 22 Juni: bushi za mbele

Kutoa kuukuu: toboa mpira kwa biti ndogo kuzunguka bomba la ndani, bomba linatoka na mpira unafuata. Linabaki gamba la nje, jembamba, limeng'ang'ania tundu la springi. Usichome mpira kwa moto. Moshi wake una sumu, na joto linakaa moja kwa moja kwenye mkunjo wa jani kubwa. Pitisha bleidi ya msumeno wa mkono kwenye tundu, ifunge upya kwenye fremu yake, na kata gamba kwa urefu, mikato miwili iliyokaribiana. Gusa kwa kidole kila mara: gamba likikatika utahisi kijifereji. Kisha tindo nyembamba inaukunja ule ukanda kuelekea ndani na gamba linalegea.

Kuingiza mpya: bolti ya M16 ndefu yenye nyuzi mwanzo hadi mwisho, washa nene, soketi inayolingana na gamba upande mmoja na kipande cha bomba la kupokea upande wa pili. Ya kwanza ilienda upande. Tulikuwa tumesafisha tundu lakini tukaacha kichomozo kidogo cha chuma kwenye mdomo wake, gamba likakamatwa hapo, tukaendelea kukaza tukidhani ni ugumu wa kawaida. Gamba likajikunja na bushi ikatupwa. Bushi moja ya ziada ikaagizwa, siku mbili zikapotea.

Ya pili na ya tatu ziliingia dakika 15 kila moja. Tofauti ilikuwa hii: mdomo wa tundu ukapigwa tupa kwa mshazari mdogo pande zote, ndani ukapita msasa wa 120 na oili nyepesi, na baada ya kila mizunguko miwili ya nati tukapima kwa kalipa sehemu nne kuzunguka bushi. Ikipishana zaidi ya nusu milimita, rudisha na uanze upya.

Jumatano, 25 Juni: rangi

Majani: praima ya zinki pekee, na grisi ya grafiti kwenye ncha yanaposuguana. Chasisi, hanga, kiti cha springi juu ya ekseli na sahani za yubolti: dawa ya kugeuza kutu, praima, kisha rangi nene ya chasisi matabaka mawili. Ndani ya chasisi: nta ya kupuliziwa kwa bomba refu, kupitia matundu yaliyopo. Matundu ya kutolea maji yalizibuliwa kwanza kwa waya.

Muda: saa 4. Rangi lita 1, nta lita 1.5.

Jumamosi, 28 Juni: kurudisha

Kichwa cha senta bolti lazima kikae ndani ya tundu la kiti cha ekseli. Ukikaza yubolti kikiwa nje, ekseli itakaa mshazari na gari litakwenda upande kama kaa. Pitisha kidole, hakikisha.

Kilainishi cha kuzuia kutu kilipakwa kwenye shingo za pini, pale zinapopita ndani ya bushi, siyo kwenye nyuzi. Nyuzi zenye kilainishi hupunguza msuguano, na spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm, inaposoma namba ileile bolti inakuwa imevutwa kupita kiasi.

Yubolti zilikazwa kwa msalaba, awamu tatu: 40, 80, 125 Nm. Nati za pini na shakeli zilifungwa kwa mkono tu hadi gari likashushwa kwenye magurudumu na kutikiswa mara kadhaa ili likae urefu wake. Ndipo zikakazwa 90 Nm. Bushi hizi hazizunguki juu ya pini, mpira ndio unaosokotwa. Ukikaza springi ikining'inia, mpira unaanza maisha yake ukiwa tayari umesokotwa, na utachanika mapema.

Urefu mpya: kushoto 489 mm, kulia 491 mm. Fito mpya ya valvu ilifungwa kwa ule urefu wa zamani wa 186 mm.

Muda: saa 6.

Jumamosi, 5 Julai: baada ya kilomita 110

Makosa mawili yamejitokeza, yote yetu.

La kwanza ni yubolti. Kushoto, nati mbili zilianza kuzunguka kwenye 70 Nm, nyingine zikaenda karibu nusu mzunguko kabla ya kufika 125. Kulegea kidogo baada ya kilomita za mwanzo ni kawaida na ndiyo sababu ya kukagua. Huku kulikuwa kwingi mno. Tulipofungua tukakuta rangi ya chasisi imeminywa ikatoka pembeni ya kiti cha springi kama siagi kati ya vipande vya mkate. Matabaka mawili kila uso, nyuso nne zilizobanana: rangi inaendelea kuminyika siku baada ya siku na mvuto wa bolti unakwenda nayo. Ndiyo njia ileile iliyopasua jani la pili.

Rangi ilikwanguliwa kwenye nyuso zote zinazobanwa, hadi chuma, ikapakwa praima ya zinki tabaka moja tu na kuachwa ikauke siku nzima. Rangi nene ibaki pembeni, mahali pasipobanwa. Kwa kuwa yubolti zilishakazwa na kufunguliwa, tulifunga mpya zote nne. Upande wa kulia ulifanyiwa vilevile ingawa ulikuwa umelegea kidogo kuliko kushoto.

La pili ni breki. Kwenye breki kali bila mzigo, mbele ilikuwa inafunga mapema na nyuma haisaidii. Valvu inasoma mzigo kwa urefu kati ya ekseli na chasisi. Gari limepanda mm 37 kushoto na mm 20 kulia, kwa hiyo valvu inadhani liko tupu kuliko lilivyo, na inaikatia nyuma mafuta. Fito ya 186 mm ilikuwa sahihi kwa springi zilizolala. Tulifuata utaratibu wa mwongozo, geji ya shinikizo mbele na nyuma, fito ikarekebishwa hatua kwa hatua hadi shinikizo la nyuma likaingia ndani ya mipaka iliyoandikwa. Usirekebishe kwa kubahatisha: nyuma ikifunga kabla ya mbele, gari linageuka barabarani.

Gharama ya marudio: saa 7, yubolti 4, nati 8.

Jumamosi, 26 Julai: baada ya kilomita 1,050

Yubolti: nati zote nane zimeshika 125 Nm bila kusogea. Bolti za hanga hazijasogea; alama za rangi tulizochora kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye hanga bado zimenyooka. Urefu kushoto 486, kulia 488. Bushi hazina mchaniko. Silanti ya juu ya hanga imepasuka sentimita mbili upande wa nyuma, imekwanguliwa na kupakwa upya.

Jumla ya kazi yote: saa 51 na dakika 20, zikiwemo 3 za nyundo na 7 za kurudia yubolti na breki. Ukaguzi ujao wa yubolti na hanga ni kwenye kilomita 5,000, pamoja na kupuliza nta upya ndani ya chasisi kushoto, pale penye unene wa 2.7 mm.